Kumfanya mtoto apende kusoma kwa simu yako hiyohiyo: mwongozo kamili kwa wazazi na walimu

Vitabu vya hadithi vya watoto kwa Kiswahili madukani vipo, ila vichache, na mtoto wa miaka mitano akikipenda kitabu anakimaliza leo kesho anataka kingine. Wakati huohuo simu ipo mkononi kila saa na mtoto ameshaijua paswedi yako kabla hajazijua irabu. Kwaiyo huu mwongozo ni wa kuitumia hiyo simu, au tableti, ata ile ya zamani yenye kioo kilichopasuka, kumsomea mtoto na kumfundisha kusoma kuanzia miaka mitatu mpaka kama minane hivi. Nimewaza nyumba ya kawaida ya kwetu: simu moja ya Android, bando la kubana, mama na baba wanarudi jioni wamechoka, na dada wa kazi ndo anashinda na mtoto.

Tuelewane kitu kimoja kabla hatujaanza. Simu haimfundishi mtoto kusoma, unamfundisha wewe, simu ni kabati la vitabu tu. Na hili lilishapimwa hapahapa kwetu. Kulikuwa na mashindano ya Global Learning XPRIZE, zawadi yake yote dola milioni 15, wakaleta tableti Tanga kwenye vijiji karibu 170, watoto kama 3,000, wakawapa programu za kujifunzia kwa Kiswahili wajifunze wenyewe. Kabla ya kuanza zaidi ya 90% ya wale watoto hawakuweza kusoma ata neno moja la Kiswahili, na wengi walikuwa hawajawahi kusomewa kitu nyumbani. Baada ya miezi 15 hiyo idadi ya wasioweza ikapungua kwa nusu. Mwaka 2019 washindi wakatangazwa wawili, onebillion na Kitkit School. Kwa tableti peke yake bila mwalimu pembeni hayo ni matokeo makubwa sana, sibezi kabisa, ila angalia na upande wa pili: nusu walibaki palepale. Mtoto wako ana kitu ambacho wale hawakuwa nacho, ana wewe hapo kwenye kochi. Sasa tufanye kazi.

Hatua ya 1: Safisha simu kwanza

Hapa ndo watu wengi wanaruka alafu wanalalamika mtoto hataki kusoma anataka katuni. Hawezi kutaka kusoma kama kidole kimoja pembeni kuna TikTok na gemu la magari, ata mimi na wewe hatuwezi.

Kama kuna simu ya zamani ndani ya droo, chaji haikai sana, laini haina, hiyo ndo nzuri kuliko zote. Futa kila kitu, acha kamera, programu ya kusomea PDF na folda la vitabu. Basi. Mtoto ajue kabisa hii ni simu ya hadithi, haina kingine, ikishikwa ni kusoma. Kama simu ni moja tu ya kwako na ina mambo yako ya kazi, fanya hivi kila mnapokaa:

Washa hali ya ndegeni, ili meseji ya M-Pesa isiingie katikati ya hadithi (na wewe usishawishike kuisoma, tunajuana). Punguza mwanga wa skrini. Ukishafungua kitabu, kibandike: kwenye mipangilio ya usalama ya Android kuna kitu kinaitwa kubandika programu, simu nyingine wanasema kubandika skrini, sehemu yenyewe inatofautiana kati ya Tecno, Infinix na Samsung kwaiyo andika neno "bandika" kwenye kile kisanduku cha kutafutia ndani ya mipangilio utaiona. Washa na ile sehemu ya kuuliza namba ya siri kabla ya kubandua, hapo ukiibandika mtoto hawezi kutoka kwenye kitabu kwenda YouTube bila namba yako ya siri. Hiyo namba badilisha, manake ya sasa anaijua.

Kuhusu muda: Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019, mtoto wa chini ya miaka miwili asiwekwe kwenye skrini, wa miaka 2 mpaka 4 isizidi saa moja kwa siku na ikipungua ni bora zaidi. Sisi hapa tunahitaji dakika 15 tu, kwaiyo tuko salama, ila hiyo saa moja inahesabu na katuni za kwenye tivii, sio hadithi tu.

Hatua ya 2: Jaza vitabu, bure na kihalali

Sehemu za kuanzia ni hizi.

African Storybook, mradi wa taasisi ya Saide ya Afrika Kusini. Hii naipenda kuliko zote kwa watoto wetu manake hadithi nyingi zimeandikwa na walimu wa Afrika, utakuta mbuzi, shamba, kisima, dala dala, bibi, vitu ambavyo mtoto anavijua. Kiswahili kipo. Wana ngazi tano, ya kwanza ni maneno ya mwanzo, ya pili sentensi, ya tatu na ya nne ni aya, ya tano ni za kusomewa na mtu mzima.

StoryWeaver ya Pratham Books, India, ilianza 2015. Ina hadithi nyingi sana zenye picha nzuri, unachuja kwa lugha unaweka Kiswahili, alafu unachagua ngazi kuanzia 1 mpaka 4. Ngazi ya 1 ni hadithi nzima isiyozidi maneno 250. Zingine zitakuwa na sari na embe za huko kwao, haina shida, mtoto anafurahi kujua watu wengine wanavyoishi.

Global Digital Library nayo ina vya Kiswahili, na Worldreader wana aplikesheni yao ya vitabu vya watoto inaitwa BookSmart. Kwa mtoto wa shule Tanzania kuna Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, huko utapata vitabu vya kiada vya darasa lake, ila tuseme ukweli vya kiada sio vya kumvutia mtoto saa moja usiku, hivyo vya mchana.

African Storybook na StoryWeaver leseni zao ni za wazi, yaani unaruhusiwa kudaunlodi, kuprinti na kumgawia jirani, ukiacha majina ya waandishi na wachoraji palepale yalipo. Zile PDF za vitabu vya madukani vilivyopigwa picha na kurushwa kwenye magrupu ya WhatsApp ni kitu kingine, huo ni wizi, na wachapishaji wetu wa vitabu vya watoto wanahesabika kwa vidole, tukiwaibia nani atatuandikia. Ukipata hela nunua cha karatasi, Mkuki na Nyota na wengine wapo.

Kudaunlodi fanya mara moja ukiwa na Wi-Fi au bando la usiku, chukua vitabu vyako kama kumi, alafu mwezi mzima mnasoma bila intaneti. Ukimtumia mtu kwa WhatsApp tuma kama dokumenti, usitume picha, ukituma picha maandishi yanakuwa ukungu. Bila bando, Bluetooth au Xender inatosha.

Alafu hii usiiruke: soma kitabu chote wewe kwanza. Hizi hadithi nyingi zimetafsiriwa na watu wa kujitolea, kuna zilizonyooka na kuna ambazo Kiswahili chake kinakuna masikio, ngeli zimegongana, sentensi imekaa kama imebebwa nzimanzima kutoka kwenye lugha nyingine. Mtoto anayejifunza kusoma anatakiwa akutane na sentensi ambayo sikio lake linaijua, ndo anaweza kubahatisha neno linalofuata. Akikuta "kuku yangu" kwenye maandishi na wewe nyumbani unasema "kuku wangu" unamchanganya bure. Kibovu futa, vipo vingine.

Ukishachuja, badilisha majina ya mafaili. Faili likiitwa namba tupu na herufi za ajabu hutalikumbuka. Andika "1 Kuku", "1 Mvua", "2 Safari ya Soko", namba ndo ngazi. Na usimwonyeshe vyote kwa mpigo, weka vitano au sita kwenye folda la wiki hii achague mwenyewe. Kuchagua mwenyewe kuna nguvu, ata akichagua kilekile cha jana mwache.

Hatua ya 3: Jua mtoto yuko ngazi gani, na usidanganywe na ile namba ya kwenye kitabu

Wale wa Uwezo, upimaji wa kusoma uliokuwa unapita majumbani kwa watoto wa Kenya, Uganda na Tanzania, walikuwa wanapanda ngazi taratibu mpaka hadithi kamili, na wewe unaweza kufanya hivyohivyo na karatasi moja na peni. Andika silabi kumi zilizochanganywa (sio ba be bi bo bu kwa mpangilio, hiyo anaimba), maneno kumi, sentensi tatu nne, na kihadithi kifupi. Anapokwama ndo anapoanzia.

Sasa shida ya ngazi. Hadithi iliyotafsiriwa inabeba namba ya ngazi ya lugha yake ya mwanzo. Hadithi ya mbwa kwa Kiingereza ni rahisi, "dog", herufi tatu. Kwa Kiswahili "mbwa" ni fupi lakini kwa mtoto anayeanza ni mlima, konsonanti tatu zimebanana mbele ya irabu moja. "Ng'ombe" hivyohivyo. Wakati "kabati", "kalamu", "meza", "sahani" ni ndefu zaidi na mtoto anazisoma bila jasho, ka-ba-ti, kwishnei. Alafu kuna vitenzi vyetu, sentensi ina maneno mawili tu, "Watoto wanakimbizana", ukihesabu maneno ni rahisi, ila hilo la pili lina silabi sita na ndani yake kuna mbi.

Kwaiyo usiangalie idadi ya maneno, angalia silabi zilizomo. Mpangilio ninaoutumia mimi ni huu: irabu, alafu silabi nyepesi za m, b, k, l, t, d, n, s (hapo tayari una mama, baba, kaka, dada, kuku, taa, sita, bata, meno, kiti), alafu ch, sh, ny, baadae mb, nd, ng, nj, nz, baadae kw, mw, bw, na mwisho zile ngumu kabisa kama mbwa, ng'ombe, nywele na dh, gh, th. Kitabu cha mtoto kusoma mwenyewe kiwe kina silabi ambazo nyingi ameshazipita. Cha kusomewa na wewe kinaweza kuwa kigumu unavyotaka, ata ngazi ya nne, tena kiwe kigumu, huko ndo anaokota maneno mapya.

Hatua ya 4: Kikao chenyewe

Hii ndo nyama. Vingine vyote ni maandalizi.

Muda uwe uleule kila siku, baada ya kuoga au baada ya kula, popote ila uleule. Kaa naye pembeni au mpakate, simu ishike wewe kwa mlalo ili ukurasa ujae, sio yeye ashike na wewe uchungulie kwa nyuma. Kama maandishi ni madogo sana kuza, na kama kukuza kunakata picha basi hicho kitabu ni cha tableti, chagua chenye sentensi moja mbili kwa ukurasa. Mikono yake iko huru kwa kazi moja, kidole chake ndo kinafuata maneno na ndo kinafungua ukurasa unaofuata. Wanapenda sana kufungua ukurasa, hiyo ni mshahara wao.

Siku ya kwanza ya kitabu kipya msomee wewe chote bila kumkatisha na mafundisho. Kabla ya kuanza angalieni picha ya mbele mbahatishe, unadhani hii inahusu nini. Alafu soma kwa sauti ya hadithi, fisi aongee kama fisi. Ukisoma kama unasoma risiti ya luku atalala, na atakuwa na haki.

Siku ya pili kitabu kilekile, sasa ndo maongezi. Tuseme ukurasa una picha ya kijana ameinama, maandishi yanasema: Kuku wa bibi amepotea. Juma anamtafuta chini ya kitanda.

"Eh, Juma anafanya nini hapo?"
"Anatafuta."
"Anatafuta nini?"
"Kuku."
"Anamtafuta kuku wa bibi aliyepotea. Haya sema na wewe."
"Anamtafuta kuku wa bibi aliyepotea."
"Lakini kweli kuku anakaa chini ya kitanda?"
"Wa bibi Tanga alikuwa anataga uvunguni!"
"Ahaa kumbe. Neno zuri hilo, uvunguni. Sasa unadhani Juma atamkuta?"

Umeona kinachotokea, yeye alijibu neno moja, mama akamrudishia sentensi nzima, akairudia, alafu likaja swali ambalo jibu lake halipo kwenye picha, akaleta maisha yake mwenyewe na neno lake mwenyewe. Hicho ndo kinachomfanya mtoto aelewe anachosoma, na hakuna aplikesheni itakayojua bibi wa Tanga kuku wake alitaga wapi. Maswali ya ndio na hapana hayasaidii. Uliza nani, nini, wapi, kwa nini, ungekuwa wewe ungefanyaje. Ila usiulize kila ukurasa kama mtihani, maswali mawili matatu kwa kitabu yanatosha.

Siku ya tatu msomeane. Wewe sentensi, yeye neno. Chagua neno linalojirudia, kwenye hiyo hadithi labda "kuku", ukifika hapo nyamaza na kidole chake kiko juu ya neno, alisome. Akikwama usimpe jibu palepale, hesabu kimoyomoyo mpaka tano. Bado? Ziba neno kwa kidole chako uache silabi ya kwanza tu ionekane, ku, sogeza, ku, kuku. Kwa maneno marefu hii ndo dawa yenyewe, wa... na... ki... mbi... za... na, alafu asome lote kwa pamoja. Ukubwa wa skrini unasaidia hapa, unakuza neno moja mpaka linajaa kioo, kitu ambacho cha karatasi hakiwezi.

Siku ya nne asome yeye anachoweza, akusomee wewe, au amsomee mdogo wake, au dada. Kumsomea mdogo ni kitu kikubwa sana kwao, ata yule mdogo akiwa haelewi chochote.

Kitabu kikiisha na kikao kimeisha. Zima simu mbele yake, weka juu ya kabati. Siku za mwanzo atalia. Usimpe katuni kama zawadi ya kusoma, ukifanya hivyo umemwambia kusoma ni adhabu na katuni ndo malipo. Zawadi ya kusoma iwe ukurasa wa ziada.

Hatua ya 5: Programu za silabi na vitabu vinavyojisoma vyenyewe

Hizi zipo na zinasaidia kwa mazoezi, Feed the Monster ya Curious Learning ina toleo la Kiswahili, na programu za wale washindi wa XPRIZE, onecourse na Kitkit School, zilitengenezwa na Kiswahili ndani. Tafuta jina alafu hakikisha lugha kabla hujamaliza bando. Dakika kumi mchana wakati unapika, inatosha, isichukue nafasi ya kikao cha jioni.

Kabla hujampa sikiliza mwenyewe herufi zinavyotamkwa. Hapa pana mtego mkubwa. Programu nyingi za bure za alfabeti ni za Kiingereza, na kule e inaitwa "ii", i inaitwa "ai", a inaitwa "ei". Mtoto anayejifunza Kiswahili akishikishwa hizo, ukimwandikia "mei" atakusomea vitu vya ajabu na kosa sio lake. Kama yuko shule ya mchepuo wa Kiingereza na analazimika kujifunza zote, sawa, ila zitenganishe, Kiswahili nyumbani na wewe kwanza mpaka silabi zimekaa, manake Kiswahili kinasomwa kama kilivyoandikwa, ni njia nyepesi ya kuelewa kusoma ni nini, Kiingereza atakikuta akiwa tayari na kujiamini.

Vile vitabu vya kidijitali vyenye vitu vya kubonyezabonyeza, gusa chura aruke, gusa jua licheke, viangalie kwa makini. Mwaka 2015 Takacs, Swart na Bus walikusanya tafiti 43 za hadithi za kidijitali, wakaona picha zinazotembea na sauti zinazoendana na hadithi zinasaidia uelewa, ila michezo ya kubonyeza katikati ya hadithi inaharibu. Ina maana mtoto anakumbuka chura aliruka mara nane na hajui kwa nini alikuwa kwenye hadithi. Kama kina sehemu ya kuzima hayo, zima.

Video za Ubongo, shirika la hapa Dar linalotengeneza katuni za Akili, ni nzuri kwa sauti na nyimbo za herufi, ila hiyo ni kutazama, usiihesabu kama kusoma.

Hatua ya 6: Tengeneza kitabu chake mwenyewe

Mtoto asiyetaka kitabu chochote atakitaka kinachomhusu yeye. Chukua simu mpige picha sita za siku yake: anapiga mswaki, anakunywa uji, baba anaosha pikipiki, paka juu ya ukuta, dada anasuka, kalala. Weka kwenye Google Slides, WPS, Canva, chochote ulichonacho, picha moja ukurasa mmoja na sentensi moja chini kwa herufi kubwa. Sentensi aseme yeye, wewe andika kama alivyosema. "Paka anamuogopa baba." Hifadhi kama PDF, weka kwenye folda pamoja na vingine. Jina lake liwe mbele kama mwandishi.

Kwa nini kinafanya kazi vizuri hivi, maneno yote yametoka mdomoni kwake, kwaiyo akifika kwenye maandishi ubongo wake unajua tayari kinachokuja na kazi inabaki moja tu, kuunganisha herufi na sauti. African Storybook nao wanakuruhusu kutengeneza hadithi kwa kutumia picha zao, kama hutaki sura ya mtoto iende popote. Picha za mtoto zibaki nyumbani, usizipandishe mtandaoni.

Na usimwache bibi. Mpigie bibi huko kijijini mwambie atume voisi noti ya hadithi, paukwa pakawa zote, dakika tatu. Msikilizeni, alafu kaa na mtoto muiandike kwa ufupi, sentensi nane, achore yeye kwenye daftari, piga picha, tengeneza kitabu. Sasa ana sauti ya bibi na maandishi ya maneno yaleyale, anasikiliza huku kidole kinafuata. Kwa mzazi ambaye kusoma kwenyewe hakumkai vizuri hii ni njia nzuri zaidi ya zote, wewe simulia, mtoto mkubwa au dada aandike.

Watoto wengi, simu moja

Hii ni kwa walimu na kwa nyumba zenye watoto saba. Skrini ya simu wanaweza kuona watatu tu, wanne wanasukumana. Kama kuna tivii ya flati yenye tundu la flashi, tivii nyingi hazifungui PDF ila picha za JPG zinafungua, kwaiyo piga skrinishoti kila ukurasa, zipe majina ya namba 01, 02, 03 zisijichanganye, weka kwenye flashi. Rimoti ndo inafungua ukurasa. Darasani kama kuna projekta ni hivyohivyo.

Bila tivii, printi. Nenda stesheneri na PDF yako, mwambie aprinti nyeusi na nyeupe kurasa mbili kwa karatasi moja, kunja, piga stepla. Watoto wapake rangi picha wenyewe. Nakala tano zinatosha kundi.

Ila jihadhari na kusoma kwa pamoja. Kuitikia kwa kwaya ni kutamu na kunaficha, watoto wawili wanasoma ishirini wanafuata mdomo. Baada ya kwaya gusa neno la katikati ya sentensi, uliza mmoja, hili ni lipi. Alafu gusa la nyuma yake.

Mambo yanayokwama

Anakariri. Amesikia mara nyingi anataja yote huku anaangalia dirisha. Sio mbaya mwanzoni, ina maana hadithi imeingia. Ila mpime kwa kuandika maneno yaleyale kwenye karatasi kwa mpangilio mwingine. "Bibi anamtafuta Juma chini ya kuku." Akicheka, amesoma.

Ana miaka minane, yuko la tatu, na bado hajui kusoma, anaona aibu na hadithi za watoto wadogo. Usimpe za picha za vichanga. Mpe kazi ya kumsomea mdogo wake, hapo ana sababu ya kushika kitabu chepesi bila kudharaulika. Mwandikie na meseji za kweli, "Nenda kwa mama Zai ukalete ndoo", mpe simu aisome atekeleze.

Hasogei mbele. Mrekodi akisoma ukurasa mmoja kila mwisho wa mwezi, ukurasa uleule. Kwa siku hamuoni tofauti, kwa miezi mitatu mtaisikia, na msikilizishe yeye mwenyewe. Kama miezi imepita na bado anashindwa silabi nyepesi, mpeleke apimwe macho na masikio kabla hujasema ni mvivu.

Dada ndo anakaa naye. Mfundishe dada hatua ya nne kama unavyomfundisha kupika chakula cha mtoto, mwonyeshe mara moja mbele yako, na mwachie simu ya zamani.

Memori imejaa. Futa alivyovizoea, ila usifute bila kumuuliza, kuna kimoja atakachokataa. Hicho kiprinti.